Mashine ya masikio ya bei nafuu unayoiseti mwenyewe nyumbani: mwongozo kamili toka kwa fundi wa Ngamiani

Mnada wa samaki pale Deep Sea, hapa Tanga, mnadi kataja elfu sita kwa fungu la changu, ami yangu kasikia tisa, akapaza sauti "kumi!" Watu wakacheka, mnadi wala hakubisha, kampa mzigo wake, na mzee karudi nyumbani Makorora anajisifu kawashinda wachuuzi. Mama mdogo ndo akanipigia simu, mwanangu hebu njoo umtazame ami yako, hasikii na hataki kukubali.

Na kweli hakuwa kiziwi. Muadhini anamsikia, lori la mchanga analisikia, ukimwita kwa sauti nene anageuka. Ila amefanya kazi kwenye korona la mkonge zaidi ya miaka 20, lile lidude linalosaga majani kutoa singa, na enzi zile nani alikuwa anavaa vizibo vya masikio. Kelele za namna hiyo zinakula vinyweleo vidogo vilivyo ndani kabisa ya sikio, na vinavyoanza kufa ni vya sauti nyembamba, kwenye Hz (kipimo cha wembamba wa sauti) 3,000 mpaka 6,000 hivi, vikifa havioti tena. Uzee nao unaanzia hukohuko juu. Sasa sauti nyembamba ndo zinabeba s, t, sh, f, k, ch. Angalia sita na tisa, irabu ni zilezile, i na a, kinachotofautisha ni s na t tu, ukizitoa hizo mtu anabaki anabahatisha. Ndo maana wazee wanasema "nakusikia ila sikuelewi, mbona mnamung'unya siku hizi?"

Mi ni fundi simu na redio hapa Ngamiani, sio daktari, na niliingia kwenye mambo haya kwa sababu ya ami tu, lakini baada yake wamekuja wazee wengine na mashine zao kwenye mifuko, nyingi mbovu, nyingine nzima kabisa ila hakuna aliyeziseti. Nimeandika hatua nilizopitia, na nitasema na pale nilipokosea maana nilikosea sana.

Kwanza, je hili ni la kifaa au la daktari?

Usiruke hapa. Vifaa vya kujiseti mwenyewe ni vya mtu mzima, miaka 18 na kuendelea, ambaye usikivu wake umepungua kidogo au wastani, na umepungua taratibu. Marekani ndo walivitungia sheria, tarehe 17 Oktoba 2022 vikaanza kuuzwa dukani bila cheti cha daktari, na hata wao wameweka mpaka huohuo. Mtoto hahusiki kabisa, mtoto asiyesikia vizuri anapelekwa hospitali, sio kununuliwa kitu mtandaoni, maana lugha yake ndo inajengwa saivi na ukichelewa umechelewa.

Kama sikio limeziba ghafla, yaani jana alikuwa anasikia leo hasikii, au ndani ya siku 3, nenda hospitali, kwetu ni Bombo, siku hiyohiyo, usisubiri wiki iishe. Kuna dawa zinazoweza kuokoa usikivu huo ila zinataka kuwahiwa, na watu wengi wanapoteza nafasi wakidhani ni mafua. Vilevile kama sikio linatoa usaha au damu, linauma, kama ni sikio moja tu limepungua na jingine zima, kama kuna kizunguzungu cha nyumba kuzunguka, au kuna mlio unaodunda sawa na mapigo ya moyo. Na kama alichomwa sindano za gentamicin au streptomycin, au alitibiwa TB sugu kwa sindano, au anakunywa kwinini na masikio yanavuma, mwambie daktari, dawa hizo zinajulikana kugusa masikio.

Halafu nta. Nakwambia kuna mzee wa Chumbageni alikuja kwangu tayari ana hela mkononi anataka nimwagizie mashine, nikamulika na tochi ya simu nikaona tundu limejaa, jeusi tititi. Nikamwambia baba nenda ukasafishwe kwanza. Alirudi baada ya wiki kunisalimia tu, hela zake mfukoni.

Nta ngumu unailainisha na mafuta ya zeituni ya kawaida, yasiwe ya moto, matone 2 au 3, mara 3 kwa siku, siku 3 mpaka 5, unalalia ubavu dakika kama 5 au 10 yaingie. Kama umewahi kuambiwa ngoma ya sikio ina tundu, au sikio linatoa maji, usitie chochote. Afu tuache yale mambo yetu, unyoya wa kuku, njiti ya kiberiti, ufunguo wa baiskeli, pamba za vijiti, yote yanasukuma nta ndani zaidi na siku moja utatoboa ngoma. Mafuta yaliyochemshwa na kitunguu saumu pia acha, nimeona mtu kaungua.

Pili, mpime

Subiri usiku baada ya isha, zima feni, zima TV, zima friji kama unaweza. Simama nyuma ya mzee, umbali wa mkono ulionyooka, asikuone mdomo. Mwambie azibe sikio moja kwa kidole akilisugua lile jinyama dogo la mbele ya tundu, ili lisidokoe. Toa pumzi yote kwanza, afu kwa kile kinachobaki mnong'oneze namba tatu, kwa mfano saba, sita, nne, azirudie. Akikosea mpe tatu nyingine. Akipata angalau 3 kati ya 6 sikio hilo linajitahidi. Changanya sita, tisa na saba makusudi, hapo ndo utaona. Ami sikio la kulia alipata 2, la kushoto 1, na ile moja nahisi alibahatisha.

Baada ya hapo pima sauti sita: mm, uu, aa, ii, sh, s. Hizi wataalamu wa usikivu wanazitumia dunia nzima kwa sababu zinaanzia besi, yaani sauti nene, mpaka trebo, yaani nyembamba, ya juu kabisa, na bahati nzuri zote tunazo kwenye Kiswahili. Zitamke kwa sauti ya kawaida ya maongezi, hatua moja, kisha hatua tatu, yeye anyooshe mkono akisikia na arudie alichosikia. Andika kwenye daftari tarehe na matokeo. Ami alipata mm, uu, aa vizuri, ii kwa shida, sh kwa karibu tu, na s hakuipata hata nilipomsogelea. Daftari hilo usilitupe, utalihitaji siku ya kuseti.

Kama simu ipo na iafoni nzuri (spika ndogo za kuchomeka masikioni) ipo, kuna programu ya bure ya Shirika la Afya Duniani inaitwa hearWHO, inatoa namba kwenye kelele na mtu anaziandika. Shida yake kwa wazee wetu, ukimsikilizisha namba za Kiingereza unapima Kiingereza chake badala ya masikio. Zipo programu nyingine za kupiga mlio tu, piii piii, zinachora grafu ya kila sikio. Grafu hiyo inaonyesha sauti ndogo kabisa anayoisikia, kwa desibeli, kipimo cha ukali wa sauti, na Shirika la Afya wanagawa hivi: chini ya desibeli 20 ni sawa, 20 mpaka 35 ni upungufu mdogo, 35 mpaka 50 wastani, 50 mpaka 65 unaanza kuwa mkubwa, kuanzia 65 ni mkubwa hasa. Grafu ya simu sio ya hospitali, feni ya jirani tu inaiharibu, ichukulie kama makadirio.

Njia ya mkato ninayotumia mimi: kama mnakaa chumba kimya, unaongea kawaida mita moja mbele yake na anaelewa sehemu kubwa, kifaa cha kujiseti kinaweza kumfaa. Kama lazima umpigie kelele sikioni ndo aelewe, usipoteze hela, huyo anahitaji mashine yenye nguvu iliyopimwa na mtaalamu na kiraba, kile kizibo laini kinachoingia tunduni, cha kuchongwa kwa umbo la sikio lake, na wengine wanahitaji kupandikizwa kifaa kwa upasuaji, kitu ambacho hospitali ya Muhimbili walianza kukifanya mwaka 2017. Anzia Bombo kwa daktari wa masikio, pua na koo, wakupe rufaa.

Tatu, kuchagua (hapa ndo hela zinapotea)

Kosa langu la kwanza lilikuwa hapa. Nilimnunulia ami kile kidude cha kubandika nyuma ya sikio cha elfu 35, kwenye boksi wameandika maneno makubwa na picha ya mzungu anacheka. Kina kitufe kimoja tu, cha kuongeza. Nikakiweka, mzee akasikia feni, akasikia bodaboda wa barabarani, akasikia sufuria za jikoni mpaka akafumba macho, na mkewe aliyekaa pembeni yake bado hamwelewi. Siku ya tatu kikaingia kwenye droo na mzee akatangaza kwamba mashine za masikio ni utapeli.

Kumbe nilichomnunulia ni kikuza sauti, kinapandisha kila kitu kwa pamoja, besi na trebo, wakati besi mzee alikuwa nayo ya kutosha tangu mwanzo. Ni sawa na redio ya mkulima yenye spika iliyopasuka, ukiongeza sauti unaongeza na mkwaruzo. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walivijaribu vikuza sauti vitano kwa wazee 42 wakavilinganisha na mashine ya hospitali ya karibu dola 2,000, baadhi vya dola 350 hivi vikaikaribia sana, ila kile cha dola 30 kikawafanya wazee waelewe maneno vibaya kuliko masikio matupu. Soma tena hiyo sentensi kabla hujatoa elfu 35 yako.

Kwa hiyo kwanza jaribu cha bure. Kama una simu ya Android, weka programu ya Google inaitwa Sound Amplifier, chomeka iafoni za waya, za waya nasisitiza, maana za blututhi sauti inachelewa kidogo na mzee anaona midomo inatangulia maneno, inakera. Simu inakuwa maiki, unaiweka mezani karibu na anayeongea, na ndani kuna sehemu ya kuongeza sauti nyembamba peke yake na kupunguza kelele, kila sikio kivyake. Kwenye iPhone zenye AirPods, iafoni zisizo na waya za Apple, ipo inaitwa Live Listen, kazi ni ileile. Hii sio ya kutembea nayo sokoni, ni ya barazani, msikitini kwenye darsa, kwenye kikao cha familia. Ila inakupa jibu moja kubwa: kama mzee akiongezewa trebo anaelewa zaidi, basi kifaa halisi kitamsaidia. Ami alipojaribu alikaa kimya kidogo afu akasema "kumbe huyu mtoto ana kithembe." Mjukuu wake ana miaka 7, anaishi naye nyumba moja.

Ngazi ya pili ni AirPods Pro 2. Marekani waliruhusu tarehe 12 Septemba 2024 zitumike kama mashine ya masikio kwa upungufu mdogo na wa wastani, unapima usikivu kwenye simu kama dakika 5 na zinajiseti kwa matokeo hayo. Kule bei yake ilikuwa dola 249. Lakini lazima uwe na iPhone inayobeba mfumo wa iOS 18 au mpya zaidi, chaji inashika kama saa 6 tu, kipengele chenyewe hakijafunguliwa kila nchi hivyo hakiki kabla hujalipa, na feki zimejaa mitaani, feki hazina kitu hicho hata muuzaji akiapa. Nyongeza ndogo: watu wakimwona mzee kaziba masikio wanadhani anasikiliza mziki, hawamwongeleshi.

Ya tatu ndo mashine zenyewe za kujiseti. Kule Marekani zinaanzia dola mia na kitu kwa jozi mpaka zaidi ya elfu. Na usidhani kujiseti ni ubahatishaji, Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini, walichukua watu 64, nusu wakajiseti wenyewe kwa simu nusu wakasetiwa na mtaalamu, kifaa kilekile, baada ya wiki 6 hawakuona tofauti ya maana. Matokeo yalitoka 2023. Ile ya ami ililetwa na binamu yetu, chini ya dola 300 kwa jozi.

Ukiwa unachagua tazama haya. Iwe na sehemu ya kurekebisha besi na trebo tofauti, kwenye simu au kwa vitufe vya programu, sio kuongeza na kupunguza tu. Iwe na kikomo cha ukali wa sauti, sheria ya Marekani inasema isizidi desibeli 111, au 117 kama ina mfumo wa kujibana yenyewe sauti kubwa ikiingia, muuzaji asiyeweza kukuonyesha namba hiyo kwenye karatasi muache. Iwe na viraba vya saizi tofauti ndani ya boksi. Iwe inarudishika. Kama ukipata nafasi ya kuijaribu dukani, iweke kwako mwenyewe ikiwa chini, mwambie mtu akunje karatasi ya biskuti karibu, afu apige kofi, afu wawashe feni na mtu aongee. Ikiwa feni inamzidi mtu, au kofi linatoa mkwaruzo kama spika iliyochanika, rudisha.

Chaji au betri? Kwa Tanga yetu umeme ukikatika usiku mzima mzee anaamka bubu wa masikio, hivyo ya chaji chagua yenye kikasha kinachotunza chaji kama cha iafoni. Za betri zinatumia vibetri vya zinki vinavyovuta hewa, vina rangi: namba 10 njano, 312 kahawia, 13 chungwa, 675 bluu. Ukibandua ile karatasi subiri dakika kadhaa hewa iingie ndo ukifunge, na ukishabandua kimeanza kuisha hata usipotumia, kurudishia karatasi hakukirudishi. Kabla hujanunua mashine ya betri ulizia madukani kama namba hiyo inapatikana hapa mjini, usije ukawa unaagiza betri Dar kila mwezi.

Nne, kuvalisha

Nyekundu ni kulia, bluu ni kushoto, ndo desturi ya mashine zote. Vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, ingiza kiraba taratibu mpaka kikae, ile nyuzi ya plastiki isichomoze. Kiraba kikiwa kidogo sauti inavuja nje, maiki inaidaka tena, inazunguka, ndo ule mluzi, wiiiii. Kikiwa kikubwa kinauma. Jaribu saizi zote, na usishangae kulia na kushoto zikapishana.

Kuna viraba vyenye matundu na vilivyozibwa. Kwa mtu kama ami, ambaye besi anayo, anza na vya matundu, sauti nene zinaingia zenyewe na mashine inaongeza nyembamba tu. Vilivyozibwa vinamfanya asikie sauti yake kama anaongea ndani ya mtungi, na hiyo ni sababu mojawapo ya watu kuvua.

Sasa mambo yetu ya hapa. Kofia ikishuka ikagusa mashine inapiga mluzi, ami ilibidi anunue kofia nyingine pana kidogo. Kwa akina mama, mtandio ukibana sikio maiki inaziba na kila ukigeuza shingo kuna mchakacho, legeza upande wa sikio au vaa kitambaa chepesi. Na kutawadha: vua kwanza zote mbili, weka sehemu moja isiyobadilika, tawadha, futa masikio mpaka yakauke ndo uvae. Ami alisahau mara moja, maji yakaingia ya kushoto, tukakaa siku mbili tunaomba Mungu.

Tano, kuseti kwenyewe

Usiku tena, kimya tena, daftari lako la sauti sita liwe karibu. Kama programu ya simu ina kipimo chake cha milio, fanya hicho kwanza na ukubali ilichopendekeza. Afu shusha sauti yote ya jumla kidogo chini ya hapo, kwa sababu sikio lililokaa miaka 10 kwenye ukimya haliwezi kupokea kila kitu siku moja. Rudia mm, uu, aa, ii, sh, s kwa hatua moja na hatua tatu. Kama sh na s bado hazipo, panda trebo kidogo, kidogo sana, rudia. Ukizidisha mluzi utakwambia.

Baada ya hapo mwache aseme mwenyewe, na sikiliza maneno anayotumia, maana mzee hatakwambia "punguza trebo." Akisema sauti yangu iko mtungini, punguza besi au badili kiraba. Akisema vijiko na sahani vinamchoma, punguza trebo ya sauti kubwa kama mashine inayo sehemu hiyo, isipokuwepo shusha trebo yote chembe. Akisema nasikia ila sielewi, ongeza trebo, usiongeze sauti yote. Akisema kuna shhhh muda wote chumba kikiwa kimya, sauti ya jumla iko juu mno. Akisema upepo, kwa mfano mkikaa Raskazone jioni, hilo halimalizwi na kuseti, mgeuzie upepo kisogo. Mi kwa ami nilibadilisha mara sita ndani ya wiki tatu, na kila badiliko niliandika tarehe, maana kuna siku niliharibu nikarudi kwenye ya jana yake.

Badilisha kitu kimoja tu kwa siku. Mbili ukizibadilisha pamoja hutajua ipi imesaidia.

Sita, kuzoea

Watu wanaliona dogo hili, ila hapa ndo mashine nyingi zinakufa. Siku ya kwanza ami alisikia kandambili zake mwenyewe akasimama, akatazama chini. Akauliza friji limeanza lini kuunguruma. Ubongo umesahau sauti hizo, sasa unazipokea zote kama ngeni na zote zinaonekana kubwa, unahitaji wiki kadhaa kuzipanga upya zipi za kusikiliza na zipi za kupuuza.

Wiki ya kwanza saa moja au mbili kwa siku, ndani, mtu mmoja anaongea. Asome kwa sauti gazeti au Kurani, ajizoee sauti yake. Wiki ya pili saa nne, watu wawili watatu, TV kwa sauti ya kawaida. Ya tatu barazani. Sokoni, mnadani, harusini, acha mpaka mwezi uishe, maana hata mashine ya bei mbaya inapata tabu kwenye kelele za watu wengi, na mzee akianzia huko atavua na hatarudia. Avae zote mbili kama masikio yote yamepungua, moja peke yake inamfanya asijue sauti inatoka wapi. Ndani ya wiki hizo akisikia maumivu, kizunguzungu, au sikio linaanza kutoa maji, vua na nenda hospitali.

Na nyie wa nyumbani mnahusika. Msimpigie kelele tena, kelele inapondaponda herufi. Mkabili, uso uwe kwenye mwanga, mtaje jina kwanza afu ongea. Siku mashine iko kwenye chaji kuna programu ya Google inaitwa Live Transcribe, inaandika kwenye simu unachoongea, Kiswahili inakiandika ingawa majina ya watu inayavuruga, mama mdogo ilimwandika kitu ambacho siwezi kukiweka hapa.

Saba, kuitunza pwani

Unyevu, chumvi na jasho vinakula mashine hizi kuliko matumizi. Kila usiku ifute na kitambaa kikavu, usitumie spiriti wala maji, fungua mlango wa betri ubaki wazi, weka kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye boksi za viatu. Watu wanasema mchele, mi siupendi, una vumbi linaloziba maiki. Hakikisha vipakiti na vibetri viko mbali na watoto, kibetri kikimezwa kinaunguza koo ndani ya saa chache tu, hiyo ni mbio hospitali usiku huohuo.

Mara moja kwa wiki toa kiraba, pitisha kibrashi, angalia kile kichujio kidogo cheupe mbele ya spika. Kikiwa cha njano kibadilishe. Mashine ikifa ghafla usikimbilie kwangu, fuata mstari: chaji au betri, kisha kichujio, kisha kiraba, kisha iunganishe na simu upya, kisha nta ya sikio lenyewe. Mashine tisa katika kumi zinazoletwa kwangu zimekufa kwa kichujio, nachomoa, naweka kipya, mzee anauliza bei gani, namwambia maji ya kunywa.

Ila usiifungue. Niliifungua ile ya kushoto ya ami kwa ubishi wa kifundi, siku zile za yale maji ya kutawadha, nikidhani ni kama simu. Ndani kuna waya mwembamba kuliko unywele, nikaukata bila hata kuuona. Binamu ilibidi atume nyingine, na hiyo niliyoiharibu iko kwenye kopo la skrubu hapa mezani, kila ami akipita anaichungulia kwanza ndo anajibu shikamoo yangu.